Hodi Imeshapigwa: Siku Moja Mashambani Uingereza, kwa Miguu kutoka Edale hadi Castleton

Wengi wetu tunaoishi Uingereza mashamba ya nchi hii tunayajua kupitia dirisha la treni. Unatoka Birmingham kwenda harusi Manchester, unaona vilima, kuta za mawe na kondoo wanaokula bila haraka. Unafika, unakula biriani, unarudi. Ukimuuliza mtu mbona hajawahi kushuka akatembea huko, atakwambia: "Kule ni mashamba ya watu, nikafanye nini?"

Nami nilikaa miaka na jibu hilohilo. Mwongozo huu ni wa safari moja tu, ya kutoka asubuhi na kurudi jioni, katika hifadhi ya Peak District iliyopo kati ya Sheffield na Manchester. Nimeichagua kwa sababu inawezekana bila gari, watoto wa miaka saba wanaimudu, na mwisho wake kuna kijiji chenye mapango na chai.

Hatua ya 1: Elewa kwamba hujavamia

Mashambani England kuna njia za miguu za umma zinazokatiza katikati ya mashamba binafsi. Shamba ni la mtu, kondoo ni wake, ukuta ni wake, lakini njia ni ya umma na mwenye shamba haruhusiwi kuifunga. Huombi ruhusa, hulipi, na hakuna wa kukuuliza unakwenda kwa nani.

Utaitambua kwa kibao kilichoandikwa Public Footpath, kisha kwa vimishale vidogo vilivyopigiliwa kwenye malango na nguzo. Mshale wa manjano ni njia ya waenda kwa miguu. Wa buluu hupita pia farasi na baiskeli, kwa hiyo geuza shingo mara kwa mara. Kwenye ramani za Ordnance Survey za kipimo cha 1:25,000 njia hizi zimechorwa kwa vistari vya kijani. Ramani ya safari yetu ni ile yenye namba OL1.

Haki ya kutembea huku haikushuka kama mvua. Milima ya Peak ilikuwa imefungwa ili matajiri wawinde ndege kwa raha zao. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, walitokea kijiji cha Hayfield wakapanda mlima wa Kinder Scout kwa makusudi, huku walinzi wakijaribu kuwazuia. Mmoja wa viongozi wao, Benny Rothman wa Manchester, alikuwa na miaka 20. Vijana watano walifungwa jela, vifungo vya kati ya miezi miwili na sita. Mwaka 1949 ikapitishwa sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya kwanza ya nchi hiyo. Sheria ya mwaka 2000 ikaongeza ruhusa ya kuacha njia na kuzurura kwa miguu kwenye milima na nyika zilizotengwa. Kinder utaiona ng'ambo ya bonde ukiwa juu. Itazame vizuri.

Shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga, tulifungua lango la kwanza pale Edale, kijiji safari inakoanzia, naye akasimama nje.

"Mwanangu, hili si boma la mtu? Mbona hatujabisha hodi?"

"Shangazi, hapa hodi imeshapigwa na serikali."

Hakuridhika. Tulipofika katikati ya malisho, mwenye shamba mwenyewe akatokea kwenye pikipiki yake ya magurudumu manne, mbwa kakaa nyuma kama abiria. Shangazi akaweka mtandio sawa, tayari kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Yule bwana akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, akapita zake.

"Kwisha?" shangazi akauliza.

Kwisha. Kile kidole ndiyo salamu ya huko. Nawe inua chako.

Hatua ya 2: Chagua siku kwa kuangalia jua

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tuna ugonjwa mmoja: tunaamini kwamba jua huzama saa 12 na nusu jioni, leo na siku zote. Juni, jua la Edale huzama karibu saa 3 na dakika 40 usiku. Desemba huzama kabla ya saa 10 jioni. Kwa safari ya kwanza nenda kati ya mwisho wa Aprili na Septemba. Mei kuna wanakondoo, na Agosti vichaka vya milimani vinachanua zambarau. Ukienda majira ya baridi, kama saa 6 mchana imekukuta bado uko stesheni ya Edale, usipande. Kanywe chai, urudi.

Kwa wanaoswali: kiangazi adhuhuri huingia baada ya saa 7 mchana, na mara nyingi itakukuta juu mlimani. Desemba, adhuhuri, alasiri na magharibi zote huingia ndani ya saa nne hivi, kwa hiyo panga. Kibla ni kusini-mashariki. Ukiwa kileleni ukitazama kijiji cha Castleton, geuka kidogo kulia kwake.

Usiku wa kuamkia safari soma utabiri wa hali ya hewa wa milimani unaotolewa na Met Office. Ule wa Sheffield mjini hautoshi, maana joto hushuka kadiri unavyopanda, na upepo wa juu ni kitu kingine kabisa.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Nasisitiza kwa sababu niliwahi kumwambia mpwa wangu aliyezaliwa Leicester tukutane stesheni saa 3. Alikuja saa 9 alasiri, begi mgongoni, akanipigia simu kuniuliza mbona nimechelewa.

Hatua ya 3: Tiketi

Reli ya Hope Valley inaunganisha Sheffield na Manchester. Kutoka Sheffield vituo vinafuatana hivi: Dore & Totley, Grindleford, Hathersage, Bamford, Hope, Edale. Panda treni inayosimama vituo vidogo, ambayo kwa kawaida ni moja kila saa. Zile za haraka zitakupitisha Edale ukiitazama hivihivi. Kutoka Sheffield ni kama dakika 35, kutoka Manchester chini ya saa moja.

Tutashukia Edale na kurudi kupitia Hope, kwa hiyo nunua tiketi ya kwenda na kurudi ya kituo kilicho mbali zaidi na kwako. Anayetoka Sheffield anunue ya Edale, anayetoka Manchester anunue ya Hope. Chukua ile ya Off-Peak, yaani ya nje ya saa za msongamano. Usichukue Advance, maana hiyo imefungwa kwenye treni uliyoichagua, na mlimani hakuna anayejua atashuka saa ngapi. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa nusu. Kama mna watoto na mnasafiri mara kwa mara, kadi ya Family & Friends Railcard inarudisha gharama yake haraka: theluthi moja ya nauli ya watu wazima inakatwa, na asilimia 60 ya watoto. Watu wazima watatu au zaidi mnaosafiri pamoja ulizeni punguzo la GroupSave.

Kutoka Sheffield treni inaingia handaki la Totley, lenye urefu wa karibu kilomita 6. Giza linakaa mpaka watoto wanaanza kuulizana kulikoni. Halafu ghafla unatokea upande wa pili na mji umepotea: bonde, mto, mawe, kijani. Watu hunyamaza hapo, hata wale wa simu.

Hatua ya 4: Mwili na begi

Viatu ndiyo safari yenyewe. Huhitaji buti la gharama kubwa, unahitaji soli yenye meno. Raba laini za kwenda sokoni zitakuangusha kwenye majani yaliyolowa. Jinzi zikilowa huganda mguuni na hazikauki mpaka kesho, kwa hiyo vaa suruali nyepesi. Koti la mvua beba hata kama mbingu inacheka. Akina mama wanaovaa baibui: suruali ndani, baibui lisiburure, mtandio ubanwe kwa pini zaidi ya moja. Pale juu upepo hauna adabu.

Chakula beba chako. Chapati za kukunja na mayai, sambusa, maandazi, ndizi, na chupa ya chai ya tangawizi. Maji lita moja kwa kila mtu. Ila jambo moja litawauma: nyama choma hapana. Usiwashe moto wala jiko la mkaa kwenye milima hii, hata lile dogo la kutupwa. Ardhi ya juu ni mboji, udongo mweusi wa mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, nao ukishika moto huungua chinichini kwa siku nyingi. Juni 2018 nyika ya Saddleworth, upande wa Manchester, iliwaka mpaka jeshi likaitwa kusaidia wazimamoto. Choma nyumbani, funga kwenye karatasi ya foili, kula mlimani ya baridi. Ni tamu vilevile.

Beba pia filimbi na betri ya akiba ya simu. Mtandao husuasua bondeni, kwa hiyo pakua ramani kabla hujaondoka nyumbani.

Hatua ya 5: Panda

Shuka Edale kwenye saa 4 asubuhi. Nenda chooni sasa, maana kinachofuata ni majani na kondoo tu. Kaskazini ya stesheni ndiko inakoanzia Pennine Way, njia ya kilomita zaidi ya 400 hadi mpakani mwa Scotland, iliyofunguliwa mwaka 1965. Utawaona wanaoianza, wana mabegi makubwa na nyuso za watu waliopania. Watakie heri. Wewe unaelekea kusini, kwenye ule mgongo mrefu wa kilima unaouona mbele yako.

Fuata vibao vya Hollins Cross. Hilo ni bonyeo kwenye mgongo wa kilima, na njia yake ni ya zamani sana. Kabla Edale haijapata kanisa lake, wafu walibebwa kwa njia hii kwenda kuzikwa ng'ambo. Unapohema na begi la sambusa, wafikirie wale waliobeba jeneza.

Njiani utakutana na malango. Kanuni ni moja: ulilolikuta wazi liache wazi, ulilolikuta limefungwa lifunge. Mengine yametengenezwa yapitishe mtu mmoja mmoja, unaingia kwenye kizimba, unalisukuma, unatoka. Mahali pengine kuna vidaraja vya ngazi vya kuvukia ukuta. Kuta zenyewe ni mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, kazi ya mikono ya watu waliojua jiwe gani linakaa juu ya lipi. Usizipande. Jiwe moja likitoka, mengine yanafuata.

Ukifika Hollins Cross, upepo utakupokea, na mabonde mawili yatakuwa miguuni pako: Edale nyuma, Castleton mbele. Hapa ndipo shangazi alipoamua kwamba amefika. Akakaa kwenye majani, akafungua chupa ya chai. Tulimwacha na binti yangu, tukaendelea. Si lazima kila mtu afike kileleni.

Geuka kulia ufuate mgongo hadi Mam Tor, mita 517. Njia imewekwa mawe bapa, ngumu kupotea hata kwenye ukungu. Jina hilo huelezwa kuwa maana yake ni kilima mama. Nilipomwambia shangazi baadaye alicheka: "Kumbe Wazungu nao!" Kileleni palikuwa na ngome ya watu wa kale, na mitaro na matuta yao bado yanaonekana ukitazama chini ya miguu yako badala ya kutazama simu. Upande wa mashariki kilima kimemeguka na bado kinateleza, ndiyo maana wenyeji hukiita pia mlima unaotetemeka. Watoto wakae mbali na ukingo huo.

Hatua ya 6: Shuka kwa barabara iliyokufa

Unaweza kurudi Hollins Cross na kuteremkia Castleton kwa njia ya majani. Ndivyo tulivyofanya siku ile, kumchukua shangazi. Lakini kama mpo wote, shukeni kwa ngazi za mawe upande wa pili, mvuke barabara, mfuate vibao vya Blue John Cavern. Karibu na hapo inaanzia barabara ya zamani ya kwenda Castleton.

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ilikuwa barabara kuu ya magari. Mlima ukawa unateleza, wakawa wanaikarabati, unateleza tena, wanaikarabati tena, mpaka mwaka 1979 wakaifunga moja kwa moja. Leo unatembea juu ya lami iliyopasuka kama kaukau. Mahali pengine imekatika ikashuka chini zaidi ya kimo cha mtu, na kwenye mkato unahesabu tabaka za lami zilizomwagwa moja juu ya nyingine, mstari mweupe wa katikati ukielekea hewani. Wanangu walikaa hapo karibu saa nzima. Hakuna kiingilio.

Ukifika kijijini chagua pango moja, usijaribu yote. Blue John ni jiwe lenye mistari ya zambarau na manjano, na bado linachimbwa kidogo katika mapango mawili ya hapa, Blue John Cavern na Treak Cliff. Mimi humpeleka mgeni Peak Cavern, lililo pembeni mwa kijiji, kwa sababu ya mdomo wake. Ni mkubwa kiasi kwamba kwa karne nyingi wasokota kamba waliishi na kufanya kazi humo ndani, chini ya dari la mwamba. Shangazi, aliyekulia karibu na mashamba ya mkonge, alisimama mbele ya mitambo yao akaanza kumweleza kijana mtembezaji kwamba msokota kamba akiachia mapema hivyo, kamba itamfumukia. Nilitafsiri nusu. Pango hilo lina jina jingine la kihuni linalohusu makalio ya shetani, kwa sababu ya mlio wa maji yanapopungua humo ndani. Hilo sikulitafsiri kabisa. Mapangoni ni baridi mwaka mzima, kwa hiyo koti lisibaki kwenye begi.

Njaa ikiuma, fahamu kwamba baa za vijijini si kama baa za kwetu: familia huingia, watoto hukaa, na ukiagiza chai na chipsi hakuna anayekushangaa. Ila maduka mengi ya chipsi kaskazini mwa England hukaangia mafuta ya ng'ombe. Asiyekula nyama isiyo halali aulize kabla ya kulipa.

Mambo manne yanayoweza kuharibu siku

Ng'ombe wenye ndama. Tunajidai tunawajua, lakini hawa hawakujui wewe. Usipite katikati ya mama na ndama wake, zunguka mbali, tembea taratibu bila kukimbia.

Mbwa wa watu. Mwenye mbwa atapaza sauti kwamba hana neno, ni rafiki tu. Huwajibiki kuukubali urafiki huo. Simama, mpe mtoto mkono, mwombe kwa upole amfunge kamba. Wengi hufanya hivyo mara moja na kuomba radhi.

Majani yanayowasha kama upupu huota kando ya njia, kwa hiyo watoto wasishike shike. Kupe nao wamo kwenye majani marefu, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Chomeka suruali ndani ya soksi.

Mtu akiumia asiweze kutembea, piga 999, omba polisi, kisha uwaambie unahitaji uokoaji wa milimani. Wanaokuja ni watu wa kujitolea na hawatozi kitu. Kama simu haishiki, piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia.

Kama kupanda hakuwezekani

Wazee na wenye magoti wanaweza kuletwa kwa gari hadi maegesho yaliyo chini kidogo ya Mam Tor. Kutoka hapo kileleni ni nusu saa ya ngazi, au wabaki wakitazama tu. Fikeni mapema, siku ya jua maegesho hujaa asubuhi. Na kama mlima si kitu chenu kabisa, Juni na Julai nendeni kwenye mashamba ya kuchuma stroberi mwenyewe. Unapewa kikapu, unachuma, unapimiwa mizani mwisho. Sijaona mama wa Kiswahili aliyetoka huko na kikapu kimoja.

Kurudi

Kutoka Castleton hadi stesheni ya Hope ni mwendo wa saa moja kwa miguu, au panda basi la kuelekea Sheffield. Stesheni ya Hope iko nje ya kijiji cha Hope chenyewe, kwa hiyo ukishuka basi kijijini ongeza dakika 15 kwenye hesabu yako, na angalia treni ya mwisho asubuhi, kabla simu haijaisha chaji.

Nyumbani, kabla ya kuoga, kagua watoto nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Kupe akiwepo, mng'oe kwa kibanio chenye ncha, ukimshika karibu kabisa na ngozi, bila kumfinya. Wiki zinazofuata ukiona duara jekundu linalokua kwenye ngozi, mwone daktari umwambie ulikuwa wapi. Viatu visugue matope yangali mabichi, vijaze magazeti, viweke mbali na rejeta. Vya shangazi tulivijaza gazeti la bure la kwenye basi, akaondoka navyo hivyohivyo hadi Tanga.